Shimo Chini ya Sufuria

Kuna mwaka mzima wa maisha yangu ambao niliuishi nikiamini, bila chembe ya shaka, kwamba mto Nile una shimo. Si shimo la samaki kujificha. Shimo lenye ukubwa wa lori, lililo chini ya poromoko moja liitwalo Sufuria, mbele kidogo ya Jinja, na kwamba mtu akivutwa humo hafi papo hapo, bali husafirishwa chini kwa chini, akapita chini ya mashamba ya miwa, chini ya msitu wa Mabira, chini ya Kampala yote na foleni zake, mpaka akaibukia Ziwa la Kabaka, lile lililo bondeni chini ya Lubaga, akiwa amevuliwa nguo zote na hakumbuki tena jina la mama yake. Aliyeniambia ni Ssalongo, mchukuzi wa soko la Kikuubo jijini Kampala, aliyeitwa hivyo kwa kuwa baba wa mapacha, mtu ambaye kwa makadirio yangu alikuwa amebeba mgongoni nusu ya bidhaa zote zilizopata kuingia Uganda. Na alikuwa na ushahidi. Beseni la kijani, la aina ile ile tuliyokuwa tukiuza dukani kwetu, lilimponyoka mwanamke aliyekuwa akifua karibu na Sufuria, likamezwa na shimo, na wiki hiyo hiyo Ssalongo mwenyewe akaliona likielea Ziwa la Kabaka. "Beseni lile lile, Plofesa," aliniambia kwa jina langu la dukani, huku akifuta jasho la shingo. "Langi ile ile. Lakini usimwambie mtu anayekwenda huko majini. Shimo likisikia linatajwa, linafungua." Sikuwa na sababu ya kumshuku. Mtu anayeweza kubeba friji kichwani haonekani kama mtu mwenye haja ya kusema uongo.

Beseni hilo lilinirudia juzi, Bukoto, Kampala, katika sebule ya Mama Wambui, bosi wangu wa zamani, tulipokuwa tumekaa kumwomboleza kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao Kenya. Ilikuwa ghorofa ya tatu, sebule ndogo iliyojaa watu mpaka kwenye ngazi: wanawake wa kanisa lake, wafanyabiashara wa Kikuubo waliofunga maduka mapema, wapwa zake waliofika asubuhi kwa basi la Nairobi wakiwa bado na mikunjo ya usingizi mashavuni. Viti vilikuwa vya plastiki, vya duka lake mwenyewe, na ninaapa nilikaa kwenye kiti ambacho niliwahi kukishusha kutoka darini kwa mikono hii. Jikoni walikuwa wanapika githeri, mahindi na maharage ya kwao, kwenye sufuria la kuogeshea ndovu, na chai ya maziwa ilipitishwa juu ya vichwa vyetu, tangawizi nyingi, kama alivyoipenda yeye. Mtu mmoja nyuma yangu alisema, "Huyu mama alikuwa haogopi kitu." Mwingine akajibu, "Hata wakaguzi wa kodi walikuwa wanamwamkia." Nikatabasamu ndani ya kikombe. Halafu mlango ukajazwa na mzee mrefu mwenye fimbo, suti ya kijivu imemlegea mabegani, na kabla hajasema neno mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Alikuwa Afande Okot, aliyetuongoza mtoni. Nikamwachia kiti, nikakaa kwenye kigoda kando ya goti lake, na tangu hapo sikusikia tena waliyokuwa wakisema wengine, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamejaa maji.

Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na ukiniuliza nilikaa wapi nitakuambia nilikaa ndani ya ndoo. Duka la Mama Wambui lilikuwa ndani kabisa ya Kikuubo, katika kichochoro ambacho watu wawili wanene wakikutana, mmoja lazima arudi alikotoka. Mabeseni, ndoo, madumu, viti na makopo yalipangwa toka sakafuni hadi darini, ikabaki njia ya mtu mmoja kupita kwa ubavu, akiwa ameshusha pumzi. Jua lilitutembelea mchana mara moja, likachungulia mlangoni, likaona hakuna pa kukaa, likaenda zake. Humo ndimo nilimofanya kazi, nilimosomea, nilimokula wali na maharage nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na harufu ya plastiki iliingia chakulani mpaka ikafika mahali nikila wali usionuka plastiki naona mpishi amesahau kitu. Jioni nilipanda Lubaga kwenda shule ya watu wazima, ambako nilikuwa narudia kidato cha nne kwa mara ambayo sitaitaja, katika chumba chenye dirisha moja lililokwama. Kutoka dirisha hilo, kabla giza halijaingia, uliweza kuona kipande cha Ziwa la Kabaka kinang'aa bondeni. Wenzangu walikuwa wakitafuta thamani ya x. Mimi nilikuwa nikingoja mtu aibuke.

Mama Wambui aliingia dukani asubuhi moja, mwanamke mnene, mwepesi, mwenye miwani ya kamba shingoni, akauliza, "Nani hapa anajua kuogelea?" Tulijua sababu. Alikuwa amejiunga na kundi la watu wanaokwenda Nile kila mwezi kuendesha mitumbwi kwenye maji ya kasi, na mtumbwi wenyewe ni wa watu wawili, na mwenzake wa kwanza, dada mmoja wa kanisani kwake, alikuwa ametapika kutoka Jinja mpaka karibu Sudan na kuapa hatarudi. Wafanyakazi wenzangu wote walirudi nyuma hatua moja. Mimi sikurudi, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na rundo la madumu. "Basi ni Profesa," Mama akasema. Jina hilo alinipa yeye, kwa ajili ya ile shule ya jioni, na hakulitumia kwa kejeli hata siku moja. Nikasema, "Ndiyo, Mama." Ni maneno niliyoyasema kutwa kucha. Profesa, shusha ndoo. Ndiyo, Mama. Profesa, kimbia kwa Mhindi umwambie mzigo haujafika. Ndiyo, Mama. Ulimi wangu ulikuwa unayasema peke yake, hata nikiota.

Kundi lenyewe lilikuwa la kila aina ya mtu, na hilo ndilo lililokuwa jambo lake. Afande Okot, aliyewahi kuwa askari polisi wa majini, ndiye aliyeliongoza, na alitupanga kwa madarasa. Kulikuwa na Nakato, msichana wa chuo, ambaye mtumbwi wake wa mtu mmoja ulipinduka na kujiinua kama samaki anayejikuna mgongo, na yeye alikuwa darasa la juu kabisa, akitangulia chini ya kila poromoko kusubiri watakaoanguka. Kulikuwa na bwana na bibi wa benki, wa darasa la kati, waliogombana toka kuingia majini hadi kutoka, juu ya nani hapigi maji sawasawa. Na kulikuwa na sisi. "Wewe huko Kampala soma hata mpaka chuo," Afande aliniambia siku ya kwanza akinifunga jaketi la kuelea kifuani, akilikaza mpaka nikaanza kuona nyota. "Hapa mtoni wewe iko P.1, darasa la kwanza." Mama Wambui alikaa nyuma, anakoelekeza mtu, mimi nikakaa mbele, anakopigwa maji ya uso mtu. Magoti yamebanwa chini ya ubao, mapaja yamefungwa kwa mkanda, helmeti imeminya masikio. Nilifikiri, huku nikishika kile kikasia kifupi wanachokiita kafi, kwamba hatimaye nimepata chumba kidogo kuliko duka.

Mtu asiyewahi kwenda hufikiri kazi ni nguvu. Kazi ni kusimama. Kila poromoko lina mahali nyuma ya mwamba ambapo maji yanatulia na kurudi nyuma taratibu, na Afande alipaita siteji, kama za bodaboda, na kazi ya mwanafunzi ni kutoka siteji hii kufika siteji ile bila kuaga dunia katikati. Kisha kulikuwa na desturi ya mwambani. Kabla ya poromoko lolote kubwa tulitoka majini sote, tukapanda mwamba, tukayatazama maji mpaka kila mtu ameyaona. Afande aliuliza mtumbwi mmoja mmoja, akianza na wenye ujuzi mdogo, mtu wa mbele kwanza, halafu wa nyuma. Ndiyo au hapana, basi. Akianza na hodari, alisema, wanyonge watasema ndiyo kwa aibu. Mmoja akisema hapana, mtumbwi wao unabebwa kwa miguu kuzunguka, na hakuna mtu, awe darasa gani, anayeruhusiwa kuuliza kwa nini. Si mwambani, si garini, si nyumbani wiki ijayo. "Hapana ni neno imeisha," alisema Afande. Na sheria nyingine, aliyoirudia mpaka nikaiota: mtu wa mbele anaonyesha njia kwa kafi, haonyeshi hatari kamwe. "Jiwe iko hapo tangu zamani, haitaki msaada yako. Onyesha pahali pa kupita."

Na mimi, mtoto wa kambi ya polisi, niliyelelewa kwa kuonyeshwa kidole kila kitu cha kuogopa, nilifanya nini? Ilikuwa safari ya tatu au ya nne, maji si makubwa, aina ambayo Nakato angeipita akichana nywele. Tukakata kona, na mbele yangu nikaona jiwe jeusi limelala kama kiboko aliyeshiba. Nikainua kafi kwa nguvu zangu zote nikalielekeza kule kule kwenye jiwe. Mama Wambui, mwanafunzi mtiifu kuliko wote waliowahi kuzaliwa, akaona kafi, akageuza mtumbwi, akatupeleka pale nilipoonyesha. Tulilipiga kwa ubavu. Mto ukautia mtumbwi mkono wake, ukaukunja kwenye lile jiwe kama chapati inayokunjwa kwenye yai, na sisi tukapanda juu ya jiwe kwa namna ambayo mpaka leo sijui ni miguu ya nani iliyonipandisha. Maji yalipita pande zote mbili, yakinguruma mpaka meno yakatetemeka. Afande ukingoni akainua kafi lake juu kwa mlalo, maana yake: msisogee. Kana kwamba kulikuwa na pa kusogea.

Tulikaa pale mgongo kwa mgongo muda mrefu, wakati Afande na Nakato wakihangaika na kamba. Mimi niliyatazama maji chini ya miguu yangu, nikawa na hakika nayaona yakizunguka na kunywea, kwamba shimo limetambaa toka Sufuria kuja kunipokea. Mama Wambui akafungua mfuko, akatoa kopo lenye kifuniko, akaligonga kwa kucha. "Hili ni letu," akasema. "Ona, halijaingiza hata tone." Ndani kulikuwa na chapati na vipande vya nyama, vikavu kabisa, na akanipitishia chapati na nyama juu ya bega. Nikala. Sijui kama nimewahi kula kitu kitamu namna ile tangu nizaliwe, na nimekula harusi nyingi.

"Haki, Profesa, hapa ni pakubwa kuliko kaunta yangu," akasema.

"Samahani, Mama. Nilionyesha jiwe."

"Uliliona vizuri sana. Hata mimi nililiona." Akacheka mpaka mgongo wake ukanisukuma kidogo kuelekea majini, nikashika jiwe kwa kucha. Halafu akanyoosha mkono kuelekea chini, ambako juu ya miti kulikuwa na ukungu mweupe unaopanda wakati wote. "Unaona kule? Ile ndiyo Sufuria. Wanajenga bwawa huko chini, mwaka ukiisha maji yatapanda, na hapo patakuwa ziwa tu, la watu kupiga picha. Mimi nataka kushuka pale kabla hapajafunikwa. Mara moja tu."

Nilimeza chapati bila kutafuna. Nilitaka kumwambia. Niliufungua mdomo kabisa. Lakini tulikuwa tumezungukwa na maji, na Ssalongo alikuwa amesema shimo likisikia linatajwa linafungua, na mtu aliyekaa juu ya jiwe katikati ya Nile hafanyi majaribio. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Tangu siku hiyo nilijua anachokitaka, na nilijua hawezi kukipata bila mimi, kwa sababu mtumbwi ni wa watu wawili na Afande hamshushi mtu na mwenzi asiyemzoea. Siku moja, nikiwa nimejipenyeza nyuma ya rundo la ndoo nikisoma jiografia, nilimsikia akiongea kwa simu na dada yake aliyeko Nairobi. "Nimekaa kwa hiki kichochoro," alisema, "mpaka nimesahau mikono yangu inafika wapi. Wewe cheka tu. Pale kwa mto naweza kuinyoosha yote miwili na isiguse kitu. Hiyo Sufuria nitashuka, hata kama ni mara moja, halafu nirudi hapa niuze mabeseni mpaka nife." Akasikiliza. "Nani, Profesa? Ako sawa. Anaogopa, lakini ako sawa." Nilikaa pale nyuma na kitabu changu, siwezi kutoka kwa sababu atajua nimesikia, siwezi kukohoa, siwezi kugeuka kwa sababu ndoo zitaanguka. Nadhani kama kuna picha moja ya mwaka ule, ni hiyo: mimi nimebanwa wima kati ya ukuta na ndoo, nasikia mtu akinitegemea.

Nilijaribu kila mlango. Nilisema nina mtihani, mtihani ukaahirishwa. Niliugua malaria ya uongo, ikageuka ya kweli, nikapona kabla ya safari. Niliomba mvua kubwa, ikanyesha kubwa hata Kikuubo tukawa tunauza madumu yakielea, na Afande akasema maji yakijaa Sufuria inakuwa laini zaidi. Shuleni niliacha kusoma kabisa, nikawa nakodolea macho ziwa. Siku moja mwalimu wa hesabu alinijia dirishani akauliza ninatazama nini, nikamwambia natazama kama kuna mtu uchi. Alinihamishia kiti cha mbele. Na jambo la kushangaza, huku nikiharibika kila mahali, mtoni nilikuwa naongezeka. Niliacha kuonyesha mawe. Tukawa tunaruka siteji mpaka siteji, mimi naonyesha, Mama anageuza, bila maneno. Bibi wa benki akatuambia tunaendana kama watu waliooana zamani wakaacha kuongea. Afande akatupandisha darasa. Nilipoenda haja nyuma ya kichaka siku hiyo nililia kidogo, si kwa furaha.

Safari ya mwisho ilifika kabla ya bwawa kufungwa. Wavuvi walikuwa wameshahamisha vibanda vyao, na miti ya ukingoni ilikuwa imekatwa, ikabaki visiki, mahali pote panaonekana kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba. Tulipanda mwamba. Chini yetu mto mzima, ule mto wa kujaza vitabu vya jiografia, ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili, ukaruka, ukaangukia kwenye bakuli la mwamba, na ndani ya bakuli maji yalikuwa yanajirudia juu yake yenyewe, meupe, yanachemka. Katikati palikuwa na giza. Nililitazama lile giza nalo likanitazama. Tulikuwa wapya kuliko wote, na mimi nilikuwa wa mbele, kwa hiyo neno la kwanza kabisa siku ile lilikuwa langu.

"Wa mbele?" Afande akauliza.

Nataka mnielewe. Mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni neno moja, na sheria yote ya mto ilikuwa imesimama nyuma yangu kunilinda. Lakini bosi wangu alikuwa amesimama kando yangu na jaketi lake la rangi ya machungwa, miwani imefungwa kwa kamba, na nilijua anachokitaka toka siku ya lile jiwe.

"Ndiyo, Afande," nikasema.

"Wa nyuma?"

 Mama Wambui aligeuka akanitazama, si kwa muda mrefu, kama anavyotazama beseni kwenye mwanga kutafuta ufa. Kisha akatazama maji.

"Hapana," akasema.

Hakuna aliyeuliza. Tuliinua mtumbwi, yeye mbele na mimi nyuma safari hii, tukapita nao kwenye njia ya mihogo, na kitu pekee nilichokiona muda wote huo ni kisogo cha helmeti yake. Tulipofika chini tulikaa juu ya jaketi zetu tukawatazama wengine wakishuka. Nakato alipita kama mtu anayeshuka ngazi za kwao. Bwana na bibi wa benki walitoweka kabisa kwenye povu, nikashika kichwa nikijua wameshafika Mabira, halafu wakatokea wakiwa wima, wameshikana mikono, kwa mara ya kwanza bila kugombana. Mama Wambui aliwapigia makofi mpaka mwisho. Garini tulikula mahindi ya kuchoma. Jumatatu akasema, "Profesa, shusha ndoo," nami nikasema, "Ndiyo, Mama." Maji yalipanda kama walivyosema, na Sufuria ikawa ziwa.

Nilifaulu mtihani mwaka uliofuata, nikaenda nikawa mwalimu, na mpaka leo nafundisha watu wazima jioni, wafanyakazi wa maduka na askari waliotoka zamu. Nikiuliza swali gumu naanza na wa kiti cha nyuma kabisa, kabla wenye sauti hawajasema. Watu hudhani ni mbinu niliyosomea. Na katika miaka hiyo yote nilikuwa na maelezo yangu ya ile hapana, maelezo yasiyo na nyufa: Ssalongo alimwambia na yeye. Mwanamke yule, aliyekuwa haogopi hata mamlaka ya mapato, angeogopa maji tu? Alijua kuna shimo. Kwa hiyo shimo lipo. Nimewasimulia watu mambo hayo harusini na vilioni, nikiongeza ukubwa wa shimo kidogo kila mara, na nikipita Lubaga jioni bado shingo yangu hugeuka.

Basi juzi, pale Bukoto, wanawake walipoanza kuimba jikoni, nikamwegemea Afande. "Afande," nikasema, "siku ile ya Sufuria. Mama alisema hapana kwa nini?"

"Hiyo hapana uliza," akasema hapo hapo, kwa mazoea, kama mtu anayepigiwa saluti. Akanywa chai. Akaitazama picha ya Mama Wambui iliyokuwa mezani kati ya mishumaa, amevaa miwani yake ya kamba. "Lakini mto ile imekufa," akasema. "Na mwenyewe amekwenda. Sawa. Wiki ile alikuja kwangu kurudisha jaketi. Mimi pia nilivunja sheria, nilimuuliza. Akasema, Afande, yule kijana alisema ndiyo ya dukani. Mimi nasikia hiyo ndiyo kila siku, naijua sauti yake. Nikimshusha pale na ndiyo ya dukani, nitakuwa mtu wa aina gani."

 Kikombe kilikuwa kimepoa mkononi. Nyuma yangu mtu alikuwa bado anaeleza jinsi mama huyu alivyokuwa haogopi kitu.

"Nilimuambia nitampa mtu mwingine akae mbele," Afande akaendelea. "Nakato alikuwa tayari, hata kesho yake, nilikuwa navunja na hiyo ya kuzoeana. Akakataa. Akasema mtumbwi ni ya watu wawili na mtu wake ni wewe." Akageuza kichwa. "Sasa wewe sema. Ulikuwa unaogopa nini? Ulikuwa unapiga kafi vizuri."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa mara ya kwanza bila kuongeza kitu: Ssalongo, shimo, chini ya miwa, chini ya Mabira, Ziwa la Kabaka, yule mwanamke aliyekuwa akifua, beseni la kijani lililoonekana likielea. Alinisikiliza akiwa ameweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Nilipomaliza, wimbo wa jikoni ulikuwa umeisha.

"Kijana," akasema, "beseni ya kijani nyinyi muliuza Kampala yote."

"Na shimo?"

"Hakuna shimo. Siku walifunga maji kule juu kupima mawe, kabla ya bwawa, mimi nilitembea pale na gumbuti. Ni mwamba tu." Akainama, akagusa mguu wake chini kidogo ya goti. "Maji ilifika hapa."